Palomino ni rangi, si mbegu

Mnadani, ng'ombe yeyote mwenye mabaka meusi na meupe huitwa Freshiani, hata kama mama yake ni zebu wa kijijini na baba yake hajulikani. Mfugaji aliyekomaa hanunui mabaka. Anauliza mama alikuwa akitoa lita ngapi, dume lilitoka wapi, na kadi ya uhimilishaji iko kwa nani. Kwa farasi maswali hayo huwa hayaulizwi. Mtu akiona farasi wa dhahabu mwenye singa nyeupe anasema "huyo ni mbegu ya Palomino", akiona madoadoa anasema "Appaloosa", akiona mweupe anasema "Mwarabu", na mazungumzo yanaishia hapo. Kati ya majina hayo matatu, mawili ni ya mbegu na moja ni la rangi tu. Na hata yale mawili hayathibitishwi kwa macho.

Mbegu, kama wafugaji wanavyolitumia neno hilo, ni kundi la wanyama ambao wazazi wao wanajulikana na wameandikwa, kizazi juu ya kizazi, wakawa wanazaa wanaofanana nao kwa umbo, mwendo na kazi. Kitabu cha nasaba cha farasi wa mbio, Thoroughbred, kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791. Kila farasi wa mbegu hiyo anayekimbia leo katika uwanja wa Ngong, Nairobi, ukimfuata kwa upande wa baba utafika kwa mmoja wa madume watatu: Darley Arabian, Godolphin Arabian au Byerley Turk. Hakuna anayeingia kitabuni humo kwa uzuri wa rangi. Rangi ni kazi ya jeni chache zinazoamua wino gani uingie kwenye unywele na uishie sehemu gani ya mwili, na jeni hizo hizo zimesambaa katika mbegu nyingi ambazo hazina udugu wa karibu.

Hata hivyo si kweli kwamba rangi haisemi lolote kuhusu mbegu. Inasema upande mmoja. Haiwezi kuthibitisha kwamba farasi ni wa mbegu fulani, lakini inaweza kukanusha. Farasi safi wa Kiarabu hana jeni ya krimu inayopausha rangi, hana jeni ya dani inayofifisha mwili na kuacha mstari mgongoni, hana mabaka ya tobiano yanayovuka mgongo, wala madoa ya chui. Ukioneshwa "Mwarabu safi" mwenye mabaka mapana yanayovuka mgongo, huna haja ya kumpima kichwa wala kutazama anavyobeba mkia. Kuna babu au bibi ambaye hakuwa Mwarabu. Faida kubwa ya kujifunza kusoma rangi iko hapo.

Mabedui, Waarabu wa jangwani waliolea farasi hao, walitenganisha mambo haya mawili zamani sana kabla ya maabara. Mlango wa ukoo, kama Kuhaylan, Saqlawi, Hamdani, Hadban au Ubayyan, ulifuatwa kwa upande wa mama. Rangi ilikuwa na majina yake peke yake: ashqar kwa mwekundu, kumait kwa hudhurungi mwenye miguu myeusi, adham kwa mweusi, ashhab kwa wa kijivu. Watoto wawili wa tumbo moja waliweza kuwa Kuhaylan wote, mmoja ashqar na mwingine ashhab, na hakuna aliyeona ajabu.

Anza miguuni, usianze mgongoni

Rangi za msingi za farasi ni tatu tu: nyekundu, nyeusi na hudhurungi. Nyingine zote zimejengwa juu ya hizo. Kosa la kwanza la anayejifunza ni kutazama mwili mzima kwa pamoja na kutafuta jina. Tazama kwanza ncha za mwili: miguu kutoka magotini kwenda chini, singa za shingo, mkia, na kingo za masikio. Kama ncha hizo ni nyeusi na mwili ni wa kahawia au wekundu, huyo ni hudhurungi. Kama hana unywele mweusi popote, ni mwekundu, hata kama mwili umekolea kama kahawa ya Bukoba. Kama ni mweusi kuanzia puani mpaka mkiani, ni mweusi.

Nyuma ya hayo kuna jeni mbili. Ya kwanza, MC1R, ndiyo inayoruhusu wino mweusi kutengenezwa kwenye unywele. Farasi aliyerithi nakala mbili zisizofanya kazi, moja kwa baba na moja kwa mama, hawezi kutoa unywele mweusi, anakuwa mwekundu. Ya pili, ASIP, huusukuma wino mweusi uishie kwenye ncha tu, na ndiyo inayomtoa hudhurungi. Kutokana na hayo unapata kipimo cha kwanza cha nasaba ambacho hakigharimu kitu: wekundu wawili huzaa wekundu. Karatasi zikionesha baba mwekundu na mama mwekundu, na mtoto aliyesimama mbele yako ana miguu na singa nyeusi, basi mmoja wa wazazi walioandikwa siye, au rangi ya mmoja wao iliandikwa vibaya.

Mitego ni miwili. Jua humchuja farasi mweusi, ncha za singa zikawa na kutu na mbavu zikawa za kahawia, watu wakamwita hudhurungi. Mtazame puani, kuzunguka macho, na kwenye ngozi laini mbele ya paja. Hudhurungi aliyekolea sana huwa na rangi ya tangawizi sehemu hizo. Mweusi aliyechomwa na jua hubaki mweusi hapo. Mtego wa pili ni watoto. Mtoto wa hudhurungi huzaliwa na miguu iliyopauka, na mweusi mara nyingi huzaliwa na rangi ya panya. Rangi ya kweli hutokea manyoya ya utotoni yakipukutika, karibu na miezi 3 au 4. Fomu nyingi za usajili hujazwa kabla ya hapo, ndiyo maana karatasi na farasi huweza kutofautiana bila ya mtu kudanganya.

Ukishapata rangi ya msingi, uliza kama imepunguzwa ukali. Kisha uliza kama kuna weupe uliowekwa juu yake, na uko wapi. Mwisho kabisa uliza kama anabadilika kuwa kijivu, kwa kuwa ukijivu hufunika kila kitu kilichotangulia.

Mweupe yupi?

Farasi wengi wanaoitwa weupe ni wa kijivu. Walizaliwa weusi, wekundu au hudhurungi, kisha mvi zikaingia mwaka hadi mwaka. Dalili ya mapema kwa mtoto ni nywele nyeupe kuzunguka macho, kama amevaa miwani. Baadaye mwili hupata maduara yaliyopauka mfano wa sarafu, kichwa hutangulia kuwa cheupe, na wengi wakifika miaka 6 hadi 10 huwa weupe kabisa. Wengine hubaki na vidoa vidogo vya wekundu mwili mzima. Chanzo ni kipande cha jeni STX17 kilichojirudia, kilichotambuliwa na watafiti mwaka 2008. Nakala moja inatosha, kwa hiyo kila farasi wa kijivu lazima awe na mzazi wa kijivu. Hicho ni kipimo cha pili cha nasaba kisicho na gharama.

Kumtambua, mloweshe maji au tenganisha manyoya kwa vidole. Ngozi ya chini ni nyeusi, na pua ni nyeusi. Farasi mweupe wa kweli ana ngozi ya waridi tangu kuzaliwa na macho ya kahawia, na huyo ni nadra. Wa tatu ni kremelo, mwenye nakala mbili za jeni ya krimu: ngozi ya waridi, macho ya buluu, na manyoya ambayo ukiyatazama vizuri si meupe bali ni ya maziwa mazito, kiasi kwamba baka jeupe la usoni bado linaonekana. Watu wengi hukimbilia kusema ni zeruzeru. Uzeruzeru wa namna ya binadamu, wa macho na ngozi kukosa wino kabisa, haujulikani kwa farasi.

Sasa mbegu. Lipizzaner, waliotoka Lipica katika Slovenia ya leo, ambako zizi lilianzishwa 1580, karibu wote ni wa kijivu. Camargue wa kusini mwa Ufaransa nao ni vivyo hivyo. Waarabu wengi ni wa kijivu, lakini wengi ni wekundu na hudhurungi pia. Ukijivu ni ule ule mmoja katika mbegu zote hizo, na upo kwa farasi wa mbio na hata kwa chotara wa mitaani. Katika shule ya farasi ya Vienna kuna desturi ya kuweka Lipizzaner mmoja wa hudhurungi, na huyo ana uhalali ule ule wa mbegu kama wenzake weupe.

Anayenunua farasi wa kijivu ainue mkia. Uvimbe wa melanoma huota chini ya mkia, kuzunguka mkundu, midomoni na karibu na taya, na wengi wa waliopita miaka 15 huwa nao. Mara nyingi hukua polepole, lakini hutakiwi kuugundua wiki moja baada ya kulipa.

Palomino

Hapa ndipo neno hutumika vibaya kuliko pote. Palomino ni farasi mwekundu aliyerithi nakala moja ya jeni ya krimu. Basi. Mwili huwa wa dhahabu, singa na mkia vikawa vyeupe. Krimu hiyo hiyo ikimwangukia hudhurungi, unapata bakskini: mwili wa mchanga, ncha nyeusi. Ikimwangukia mweusi, mara nyingi huioni kabisa, na huyo ndiye anayewashangaza wafugaji kwa kuzaa mtoto wa dhahabu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Kwa sababu inategemea nakala moja, palomino hawezi kuzaa palomino kila mara. Ukimpandisha palomino kwa palomino, matarajio kwa kila mimba ni nusu palomino, robo mwekundu, robo kremelo. Palomino kwa mwekundu: nusu kwa nusu. Njia pekee ya kupata palomino kila mara ni kremelo kwa mwekundu. Kitu kisichoweza kujizaa chenyewe hakiwezi kuwa mbegu. Vyama vya Marekani vinavyosajili palomino vipo, lakini husajili rangi, na farasi mmoja huweza kuwa na karatasi ya Quarter Horse, ambayo ni mbegu ya Marekani, na karatasi ya palomino kwa wakati mmoja. Ya kwanza inakuambia wazazi wake ni nani. Ya pili inakuambia manyoya yake yalionekanaje siku aliyokaguliwa.

Haflinger, farasi wa milima ya Tirol, huwachanganya hata watu wazoefu. Ana mwili wa dhahabu iliyokolea na singa nyeupe, lakini hana krimu. Ni mwekundu mwenye singa zilizopauka, na mbegu nzima inarudi kwa dume mmoja, Folie, aliyezaliwa 1874. Kwa picha huwezi kumtofautisha na palomino kwa uhakika. Kwa kipimo cha vinasaba huchukui hata dakika kuamua: krimu ipo au haipo. Ndivyo ilivyo pia kwa "palomino wa Kiarabu". Kama kweli ni Mwarabu, ni mwekundu mwenye singa nyepesi; kama kweli ni palomino, si Mwarabu safi.

Mabaka: pinto na Paint

Pinto ni rangi. Ni farasi yeyote mwenye mabaka mapana meupe, awe poni wa Shetland, cobu (farasi mnene) wa Waromani, jamii ya wahamaji wa Uingereza, au chotara asiye na jina. Paint ni mbegu ya Marekani, na historia yake inaeleza vizuri kwa nini watu huchanganyikiwa. Chama cha Quarter Horse kilipoundwa mwaka 1940, kilikataa watoto wenye weupe mwingi kupita mipaka kikiamini ni dalili ya damu ngeni. Watoto hao walikuwa na baba na mama wale wale. Wenye farasi waliokataliwa wakaunda vyama vyao, vikaungana mwaka 1965 kuwa chama cha American Paint Horse. Quarter Horse waliifuta sheria ya weupe mwaka 2004. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wamewahi kugawanywa kwenye vitabu viwili kwa sababu ya sentimita za baka.

Ili farasi aandikwe Paint, wazazi wake lazima wawe wamesajiliwa kama Paint, Quarter Horse au Thoroughbred. Hilo ndilo sharti la mbegu. Juu yake kuna sharti la rangi kwa daftari la kawaida: baka la asili lenye ngozi ya waridi chini yake, la angalau sentimita 5, mahali panapokubalika. Mtoto wa wazazi halali asiye na baka huandikwa kwenye daftari la Paint wasio na mabaka. Pima maana yake: kuna Paint asiye na baka hata moja, na kuna poni mwenye mabaka mazuri kuliko yote mtaani ambaye hatakuwa Paint milele.

Mabaka yenyewe yana mitindo, na mitindo ndiyo rangi. Tobiano ndiye anayejulikana zaidi: weupe unavuka mgongo, miguu yote minne huwa myeupe chini, kichwa hubaki kama cha farasi wa kawaida, kingo za mabaka ni laini, na mkia mara nyingi una rangi mbili. Tobiano lazima awe na mzazi tobiano. Overo wa fremu ni kinyume: weupe uko ubavuni na shingoni kama picha iliyozungushiwa fremu ya rangi, kwa kawaida hauvuki mgongo, miguu huwa ya rangi, uso ni mweupe sana, na macho ya buluu ni ya kawaida. Splash huonekana kama farasi aliyetembea ndani ya dimbwi la rangi nyeupe lililomfika tumboni, naye pia akaliinamia. Baadhi yao ni viziwi, kwa hiyo piga makofi nyuma yake, mahali asipokuona, kabla hujampanda. Sabino ana kingo zilizochanika, nywele nyeupe zilizochanganyika, soksi ndefu, yaani weupe wa miguuni, zinazopanda kwa ncha, na weupe kwenye kidevu.

Fremu inahitaji uangalifu kuliko nyingine zote, na si kwa ajili ya uzuri. Jeni yake, EDNRB, ikirithiwa nakala mbili, mtoto huzaliwa mweupe mzima na utumbo usio na neva za kusukuma chakula. Hanyi. Anaumwa tumbo na kufa ndani ya siku chache, na hakuna upasuaji unaomponya. Wabebaji wawili, yaani wenye nakala moja moja, wakipandishana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuishia hivyo. Ubaya ni kwamba fremu hujificha: farasi mwenye baka jembamba usoni tu huweza kuibeba, na tobiano huweza kuwa nayo chini ya mabaka yake. Ndiyo maana kusema "farasi wangu si overo, ninamwona" hakutoshi. Kabla ya kupandisha farasi wawili wenye asili ya Paint, Quarter Horse au poni wa Kimarekani, wapimeni wote wawili. Mbebaji si mgonjwa, na anaweza kuzaa salama miaka yote akipewa mwenza asiyebeba.

Madoa ya chui

Appaloosa ni mbegu, na jina linatokana na mto Palouse, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kwenye nchi ya watu wa Nez Perce, wenyeji wa asili wa huko. Baada ya vita yao na jeshi la Marekani mwaka 1877, jeshi hilo liliwapokonya farasi wao, na mbegu ikatawanyika mpaka chama kilipoundwa 1938 kuikusanya. Usajili unataka angalau mzazi mmoja awe Appaloosa aliyesajiliwa. Mwingine aweza kuwa Quarter Horse, Thoroughbred au Mwarabu. Madoa peke yake hayamwingizi farasi.

Jeni ya madoa, LP, iliyo ndani ya TRPM1, ipo mbali na Palouse. Knabstrupper wa Denmark wana madoa hayo hayo, na mbegu yao inahesabiwa kuanzia jike mmoja aliyezaa mwaka 1813 baada ya kununuliwa 1812. Noriker, farasi wazito wa Austria, nao wanayo. Kwenye pango la Pech Merle, Ufaransa, kuna farasi wenye madoa waliochorwa miaka ipatayo 25,000 iliyopita, na mwaka 2011 watafiti waliikuta jeni ya LP kwenye mifupa ya farasi wa kale wa Ulaya. Madoa yana umri mkubwa kuliko mbegu yoyote inayojivunia kuwa nayo.

Dalili za LP ni nne, na zitafute zote kwa sababu madoa huweza yasionekane: mistari ya wima kwenye kwato hata pale mguu usipokuwa na soksi nyeupe, ngozi ya madoa ya waridi na nyeusi puani, kwenye sehemu za siri na chini ya mkia, weupe wa jicho unaoonekana wazi kama wa binadamu, na manyoya yenyewe. Wengine hupauka mwaka hadi mwaka wakafanana na wa kijivu, lakini manyoya juu ya mifupa ya uso hubaki yamekolea, wakati wa kijivu huanza kupauka usoni.

Mwenye nakala moja ya LP hutoa madoa mengi. Mwenye mbili hupungukiwa na madoa, akawa mweupe kiunoni au mwili mzima, na huyo haoni usiku tangu kuzaliwa. Mchana yuko sawa. Jioni anakuwa mwoga, anagonga nguzo, anakataa kuingia banda lenye giza, mmiliki akamchapa akidhani ni ukaidi. Mwachie taa, usimhamishie uwanja mgeni usiku, na usimpande giza likishaingia.

Roani, dani, na kosa la kinyume

Roani ni mchanganyiko wa nywele nyeupe na za rangi mwilini, huku kichwa na miguu vikibaki vimekolea. Habadiliki kuwa mweupe kwa umri, na akikwaruzwa, kovu huota nywele za rangi bila nyeupe. Ni hayo tu ya kumtenganisha na kijivu.

Dani tunaye nyumbani, ila ni punda. Mtazame punda wa Lamu au wa Umasai: mstari mweusi katikati ya mgongo, msalaba mabegani, mara nyingine milia miguuni, mwili uliofifia. Jeni inayohusika, TBX3, ndiyo inayotoa rangi hiyo kwa farasi dani. Mstari wa mgongo wenye kingo kali ndio unaomtenganisha na bakskini. Fjord wa Norway ni dani karibu wote, lakini dani wapo kwenye mbegu nyingine nyingi.

Fjord ananipeleka kwenye kosa la kinyume, la kudhani kwamba mbegu yenye rangi moja inamiliki rangi hiyo. Cleveland Bay wote ni hudhurungi, Suffolk Punch wote ni wekundu, na Friesian karibu wote ni weusi. Jina Friesian linatoka Friesland, Uholanzi, mkoa ule ule uliotupa ng'ombe wa mabaka, na farasi wake ni mweusi tii. Lakini farasi mweusi mwenye singa ndefu si Friesian kwa hilo tu. Tazama shingo inayosimama juu kutoka kifuani, manyoya marefu juu ya kwato, goti linalopanda juu anapokimbia, kisha uulize karatasi. Umbo linaleta shaka njema. Karatasi ndizo zinazojibu.

Karatasi, chipu na unywele

Ukikabidhiwa karatasi, isome ukiwa umesimama ubavuni mwa farasi. Namba ya chipu, kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, ina tarakimu 15, na chipu huwekwa kwa kawaida upande wa kushoto wa shingo, katikati, chini kidogo ya singa. Pitisha kisomeo pande zote mbili, kwa sababu zipo zinazowekwa kulia. Kisha linganisha mchoro wa farasi ulio kwenye karatasi: baka la usoni linaanzia na kuishia wapi, soksi ipi inafika wapi, na mizunguko ya manyoya kwenye paji na shingo iko wapi. Mizunguko haibadiliki kwa umri wala kwa kunyolewa. Rangi inaweza kubadilika: karatasi ikisema hudhurungi na farasi ni mweupe, angalia kwanza kama kuna mzazi wa kijivu kabla ya kumtuhumu mtu. Na kama hakuna, usilipe.

Kwa kipimo cha rangi, ng'oa nywele 20 hadi 30 za singa au mkia zikiwa na mizizi yake. Shika chache chache karibu na ngozi na uvute kwa mkupuo. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazina kinachohitajika, na zilizookotwa kwenye brashi huenda ni za farasi wawili. Mtoto mwenye singa laini mno huchukuliwa za mkia. Hakikisha zimekauka, zitie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaoshika unyevu, na andika jina na namba ya chipu hapo hapo kabla ya kumgusa farasi anayefuata. Taja unachotaka kipimwe: krimu, fremu, LP, tobiano, kijivu. Majibu yatakuambia rangi. Vipo pia vipimo vinavyokisia mbegu za mababu, lakini hutoa makisio, navyo havimwingizi farasi kitabuni. Kama wazazi hawajulikani, kwenye nafasi ya mbegu andika "haijulikani", na kwenye nafasi ya rangi andika kila ulichokiona, kuanzia kwato.